Anachokula Shemeji

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Shemeji alikwama tena. Taa yake ukutani iligeuka nyekundu, na kwenye skrini yakatokea maneno yaleyale ya jana: kumbukumbu imejaa.

Shemeji alikuwa kompyuta. Ofisi ilikuwa na kompyuta tatu za kufanyia majaribio ya programu, kila moja na mfumo wake endeshi, na zote zilipewa majina ya jamaa wa ukoo. Bibi na Mjomba walimaliza majaribio bila kinyongo. Huyu wa tatu aliitwa Shemeji kwa sababu alikuja kwa muda tu, akakaa, na sasa alikuwa anakula kila kilichokuwamo.

Mpimaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha majaribio hayo, aliitazama ile taa, kisha saa. Saa nane mama yake angefunguliwa bandeji ya jicho hospitalini. "Uso wa kwanza kuuona nataka uwe wako," mama alikuwa amemwambia, "si wa baba yako mdogo. Ule nitautazama baadaye, nikishapata nguvu."

Lakini Mkuu wa ofisi alishakata kauli: programu inakabidhiwa leo, na hatoki mtu mpaka taa zote tatu ziwe kijani.

"Kwangu safi," alisema mwandishi wa programu bila kugeuza shingo. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa miaka mingi kiasi kwamba wenzake walimwita hivyohivyo, Kwangu-Safi.

"Kwako wewe hata choo kikiziba ni safi," alisema Mpimaji. "Njoo uangalie."

"Ni lile jaribio la kupunguza picha. Kila siku anafia palepale. Litoe, tuendelee na maisha."

Mpimaji hakupenda kukisia. Aliliendesha jaribio la picha peke yake, likapita. Akapindua mpangilio, la mwisho likawa la kwanza. Shemeji akafia kwenye jaribio jingine kabisa, la kuchapa risiti. Basi picha hazikuwa na kosa. Akakodolea macho kipimo cha kumbukumbu. Kila jaribio lilipopita, kilipanda. Jaribio liliposhindwa, kilitulia tuli.

Jambo hilo halikumwingia akilini, kwa hiyo alilipima upya. Aliyaharibu majaribio yote kwa makusudi. Shemeji akashindwa la kwanza, la pili, hadi la mwisho, kwa raha zake, bila kuongeza hata chembe.

"Anashiba kwa kufaulu," alisema Mpimaji.

"Kama Mkuu," alisema Kwangu-Safi. "Ukimpigia makofi tu, suti inambana."

"Nimesikia," alisema Mkuu kutoka mlangoni.

"Samahani, Mkuu," Mpimaji alidakia. "Jaribio likipita, kuna kitu gani kingine kinachotokea?"

"Jogoo!" Mkuu alijibu kwa fahari.

Jogoo alikuwa wazo lake mwenyewe. Kila jaribio lilipopita, kidirisha kilifunguka, jogoo akacheza na kuwika, ili wafanyakazi wapate ari. Sauti ilizimwa baada ya wahasibu wa chumba cha pili kutishia kuhama.

"Akimaliza kucheza anakwenda wapi?"

Wote wawili walimgeukia Kwangu-Safi.

"Dirisha linafungwa." Alijikuna kichwa. "Kwa Bibi na Mjomba, dirisha likifungwa, jogoo naye anakufa. Kwa Shemeji... huenda linafichwa tu."

"Yaani jogoo bado yumo?"

"Yumo. Anacheza."

Mpimaji aliyarudisha majaribio kama yalivyokuwa, akayaendesha mpaka kipimo kikakaribia kujaa. Kisha akaamuru madirisha yaliyofichwa yajitokeze na akafungua sauti. Majogoo walijaa skrini kona hadi kona, wamepandana, wakikata viuno, na wote wakawika kwa pamoja. Chai ya Kwangu-Safi ilimmwagikia mapajani. Ng'ambo ya ukuta mhasibu alipiga yowe.

Mkuu hakuziba masikio. "Maskini wa Mungu," alisema. "Muda wote huu wanacheza, na hakuna hata mmoja wetu anayewatazama."

"Mkuu, tumtoe," alisema Mpimaji.

"Hatolewi mtu hapa."

"Si mtu, Mkuu. Ni jogoo."

"Ndiyo maana hatolewi!"

Mpimaji alitazama saa. Saa saba ilikuwa inagonga mlango. "Basi abaki. Acheze, halafu afe. Na kwa Shemeji afe kweli, kama anavyokufa kwa wenzake."

"Ataumia?" aliuliza Mkuu.

"Mstari mmoja tu, Mkuu," alisema Kwangu-Safi, ambaye alishaanza kuuandika.

Majaribio yaliendeshwa upya. Taa ya Shemeji ikawa kijani, na kipimo kilikuwa palepale kilipoanzia. Mpimaji aliyarudia tena, mkoba begani, kwa kuwa mara moja haikumtosha. Kijani. Mkuu alimpungia mkono aende, macho yakiwa yamegandia kwenye skrini.

Saa nane na dakika sita, muuguzi aliondoa bandeji. Mama alipepesa jicho, akamtazama Mpimaji kuanzia juu hadi chini.

"Mwanangu," alisema, "blauzi umeivaa ndani nje."