Jina Nililoyaitia Maziwa

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimesimama bandani na sindano mkononi, na Sifa, ng'ombe wetu, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Ndama wake alikufa Jumanne. Tangu hapo ameyazuia maziwa, kiwele kimekuwa kigumu kama gogo. Mama mkwe kasema asiposhusha, Jumamosi anachukuliwa na mchinjaji. Bwana mifugo akatuachia kichupa cha dawa ya kushusha maziwa, nimchome asubuhi.

Nachomeka sindano kwenye kichupa. Kichupa kinaguna.

"Taratibu, dada. Humu tumo wanane."

"Wanane gani?"

"Tezi, za ng'ombe wanane waliochinjwa. Tulikaa vichwani mwao, chini ya ubongo, kila mmoja kama punje ya harage."

"Mtaongeza maziwa?"

"Hata tone hatuongezi. Tunayaambia tu kwamba mtoto kafika, yanashuka. Yako juu huko."

Naangalia juu. Kumbe kweli kuna ngazi. Nakitia kichupa mfukoni, napanda. Huko darini si darini tena, ni zahanati, na maziwa yamekaa kwenye mabenchi, meupe, yametulia, yameshika kadi za kliniki.

"Shukeni," nayaambia.

"Mtoto hajatuita."

"Mtoto amekufa."

Yakatazamana. "Mbona sisi hatujaambiwa?"

Sifa akapaza sauti kutoka chini: "Usiyaambie, mama Lugano! Mimi mwenyewe bado sijajiambia."

Kichupa kikaninong'oneza mfukoni. "Taja jina la mtoto. Yakilisikia, hayana ujanja."

Sasa, ndama hakuwa na jina. Kwetu ndama hapewi jina mpaka aanze kula majani. Nikatafuta, nikatafuta, mdomoni nikakuta jina moja tu.

"Lugano."

Yakasimama yote. Yakanipita ngazini mbio, yanasukumana, yanauliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?"

Nayakimbilia nyuma, nasema siye huyo, huyo ni wangu, huyo tulishamzika. Hayasikii.

Nimeamka kumekucha. Mama mkwe yuko bandani, ananiita.

"Mama Lugano! Lete hiyo dawa, huyu bado kagoma!"

"Nakuja, mama."

Lakini sijainuka. Miezi minne tangu msiba, kifua changu kilikuwa kikavu. Sasa gauni limelowa, pande zote mbili, na bado lina uvuguvugu.