Pambizo za Marehemu

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Watu huniletea vitabu vilivyochanika mgongo, vilivyoliwa na mende, vilivyomwagikiwa chai, nami navisafisha, navishona na kuvipa jalada jipya. Hakuna uchafu wa kitabu uliowahi kunitia kichefuchefu. Huu ninaousimulia ulinitia, na wala hauna harufu.

Baba yangu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuwinda herufi zilizokosewa, na alipostaafu ugonjwa huo haukumtoka. Hakuweza kusoma bila kalamu mkononi. Aliandika pambizoni, akabishana na mwandishi, akarekebisha koma, kisha akampa mama kitabu. Huo ndio uliokuwa utaratibu wao tangu uchumba: yeye anasoma kwanza, mama anafuata, na pambizoni anamkuta mumewe. "Mke wangu, huyu daktari wa hadithini hajawahi kuona kidonda, hebu mcheke." Mama alikuwa muuguzi, na alicheka kweli.

Macho ya mama yalipoanza kufifia, nikawanunulia kishikwambi, maana humo herufi hukuzwa mpaka zikalingana na vichwa vya habari vya gazeti. Nikafungua akaunti kwenye duka la vitabu la mtandaoni kwa jina la baba. Yakaja masharti, kurasa na kurasa. Baba akavaa miwani.

"Umeyasoma haya?"

Nikamwambia hakuna binadamu anayesoma vitu hivyo, nikabonyeza Nakubali. Mtoto wa msahihishaji mzima! Mpaka leo kidole hiki nakionea aibu.

Baba akajifunza kuandika maoni yake humo humo, kwa kidole kimoja, polepole, huku akisonya. Alipofariki aliacha vitabu vitatu ambavyo yeye alikwisha kuvisoma na mama bado. Mama hakuvikimbilia. Kila alasiri, akimaliza shughuli zake, alikaa karibu na dirisha akasoma kurasa chache mpaka akutane na neno la mumewe, kisha akafunga. Miezi ile sikumwona akilia. Nilimsikia akijibu. "Wewe nawe!" anasema peke yake chumbani, na mimi huku nje najifanya sikusikia. Nilijua kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikimshikilia.

Sasa, mama ni mtu wa utaratibu. Alianza kubadilisha majina: mita ya maji, sanduku la posta, laini ya simu. Kila mahali walimpa pole wakaandika jina lake. Basi, bila kuniambia, akawaandikia na wale wa duka la vitabu, kwa adabu zote: mume wangu amefariki, nasoma kwa jina lake, naomba muweke langu. Hakutaka aonekane mwizi.

Wakamjibu siku ile ile. Wakampa pole kwa msiba, wakamwarifu kwamba akaunti imefungwa.

Nilimkuta amekishika kishikwambi kwa mikono miwili. Kwenye kioo, pale palipokuwa na picha za vitabu, palikuwa peupe.

"Nilikuwa katikati," aliniambia. "Kitabu cha pili. Nimekosea wapi?"

Nikapiga simu, nikaiweka kwenye spika ili mama naye asikie. Walinisubirisha kwa muziki karibu robo saa, kisha akapokea dada mmoja mwenye sauti laini, ya kufundishwa.

"Marehemu hakununua vitabu, mteja wetu," alisema. "Alinunua ruhusa ya kuvisoma. Ruhusa hairithiwi. Ipo kwenye masharti, kipengele cha kumi na saba."

"Kwenye kitufe mmeandika Nunua."

"Ndiyo, mteja wetu."

"Basi bakini na vitabu vyenu. Nipeni alichoandika baba. Maneno yale ni yake, si nyinyi mliomuuzia."

Nikamsikia akibonyezabonyeza.

"Kwa mujibu wa masharti, maoni ya msomaji hubaki kwetu, kwa ajili ya kuboresha huduma."

"Kwa hiyo bado mnayo?"

"Tunayo."

Jamani! Laiti angesema yamefutika, tungelia yakaisha. Lakini wanayo. Wamemnyang'anya mjane maneno ya mumewe, wameyafungia kwao, halafu wanatuita wateja wao kwa sauti ya asali. Mate yalinijaa mdomoni, yale yanayotangulia kutapika. Nikamtukana yule dada matusi ambayo sikujua kama ninayo. Najua ni mwajiriwa tu, masharti hakuyatunga yeye, lakini ndiye niliyempata.

Mama akanipokonya simu.

"Mwanangu," alimwambia, kwa sauti aliyokuwa akiwatulizia wagonjwa, "msamehe huyu, ana hasira. Kama masharti yenu hayaruhusu kunirudishia, basi. Nakuomba jambo moja tu. Yasome wewe. Ukipata nafasi, mawili matatu kwa siku. Aliyaandika yasomwe."

Yule dada alipojibu, ule ulaini ulikuwa umemtoka.

"Mama, siruhusiwi kuyafungua. Huku hakuna mtu anayeruhusiwa."

"Sasa nani anayasoma?"

"Mashine, mama. Inayapitia ili ijue watu wanapenda nini, iwauzie vingine."

Mama akamshukuru, kweli kabisa alimshukuru, akakata simu. Akainuka akaenda kwenye sinki, akafungua maji. Akajipaka sabuni viganjani, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye viwiko, kama alivyokuwa akinawa wodini akishagusa usaha. Nikamwambia inatosha, mama. Akaendelea kusugua.