Zisingefua Dafu

Mzee Spana alishafungua difu zisizo na idadi, zile gia zinazogawia matairi nguvu ya injini, lakini hii ya gari la marehemu mwanawe mikono ilimgomea. Gari lilikuwa limeopolewa mtoni, tope hadi vitini. Mkwewe, mjane wa marehemu, alitaka litengenezwe lirudi kubeba watoto shule, na sasa alisimama mlangoni mwa gereji akimtazama.

Mzee alijilaumu kimoyomoyo. Ni yeye aliyemfungia kijana difu ya pleti, zile zinazobanana na kulazimisha matairi yote mawili ya nyuma yavute pamoja. Topeni ni mkombozi. Kwenye lami iliyolowa, ukikanyaga mafuta ovyo, yote huteleza kwa mpigo na gari hutupa mkia. Aliamini hivyo ndivyo lilivyotumbukia. Mengine hakutaka kusimuliwa.

Kifuniko kilipotoka, akapigwa na butwaa. Pleti hazikuwemo. Mlikuwa na difu ya kawaida, ambayo tairi moja likikosa mshiko, nguvu zote hukimbilia hukohuko na la pili linakaa kama halihusiki.

"Ziko hapa, baba," mkwewe alisema, akaweka mfuko mzito mezani. "Mimi ndiye niliyemwambia azitoe. Kuna siku ya mvua gari lilituzungusha, watoto wakalia mpaka nyumbani. Akaona haya kukwambia, akaenda kwa fundi mwingine."

"Mngesema tu, ningewafungia ya gia. Ile ni laini, haishtuki kwenye mvua."

"Na ya gia ingemtoa pale alipokwama kwenye kivuko cha mto?"

"Inategemea. Tairi likikosa mshiko kabisa, nayo huzubaa."

Mkwewe akausogeza mfuko mbele yake. "Waliokuwepo wanasema tairi moja lilizunguka bure topeni. Lingine lilikuwa juu ya mwamba, limetulia tuli, na maji yanapanda. Niambie ukweli, baba. Hizi pleti zingemtoa?"

Mzee aliuona ule mwamba kichwani mwake. Tairi lililoshika vizuri hivyo, pleti zingelisukuma na gari lingepanda ng'ambo bila makeke. Katika ufundi wake wote hakuwahi kumdanganya mtu, hata kuhusu plagi.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Maji yale hayakuwa ya mchezo. Zisingefua dafu."

Mkwewe alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akafuta macho, akauchukua mfuko.

"Basi ngoja nikazitupe. Sitaki kuziona tena."

"Usizitupe!" Sauti ilimtoka mzee kabla hajaizuia. "Nazirudisha leo hii. Watoto si wanapita palepale?"

Mkwewe alimtazama usoni, kisha akaurudisha mfuko mezani taratibu, akaketi sakafuni penye oili na kuanza kulia. Mzee aliketi kando yake. Hakuwa na uongo mwingine wa kumpa.