Beringi Kwenye Friza

Kwa miaka miwili ya ndoa, seremala hakuwahi kucheka mbele ya mama mkwe wake. Si kwamba mama alikuwa mkali. Ni adabu tu iliyomzuia. Akimwona, hutoa shikamoo, hukaa ukingoni mwa kiti, na maneno yote humwishia hapo.

Jumamosi moja asubuhi, mama akamwita uani. Alikuwa mkunga, na pikipiki yake ilikuwa imemzidi mkwe huyo umri. Ilisimama kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likining'inia.

"Shika juu, shika chini, kisha tikisa."

Seremala akatikisa. Ko, ko! Gurudumu likacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Alipolizungusha, likanguruma kana kwamba limebugia mchanga.

"Beringi zimekwisha," mama akasema. "Wiki nzima nakata kiuno barabarani na ngoma hakuna. Leo ni mimi na wewe, baba."

"Lakini mama, mimi ni fundi wa mbao."

"Kwani nyundo inajua?"

Wakachomoa ekseli, wakalilaza gurudumu juu ya matofali mawili. Mama akatia kidole ndani ya beringi na kuizungusha; ikakwaruza. Seremala akapitisha nondo fupi kutoka upande wa pili, akakisukuma kando kidogo kibomba kinachotenganisha beringi hizo mbili, akagonga huku, akagonga kule, mpaka ya kwanza ikadondoka, nyekundu kwa kutu. Ya pili ikafuata. Wakapangusa kila kitu, wakapaka grisi.

Beringi mpya zilikuwa kwenye friza tangu jana yake, zisinyae. Kitovu cha gurudumu nacho kilitakiwa kitanuke kwa joto, kwa hiyo mama akaleta draya ya nywele. Mara binti yake, mke wa seremala, akatokea mlangoni.

"Nani kalaza vyuma juu ya nyama yangu? Na hiyo si draya yangu hiyo?"

"Tunazalisha," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe leta vyuma. Na wewe baba, kitovu hicho, taratibu!"

Seremala akaiweka beringi ya baridi mdomoni mwa kitovu cha moto. Tap! Ikatumbukia yenyewe.

"Imeingia!" alipiga kelele, akajiziba mdomo.

Wakageuza gurudumu. Ya pili ikagoma kidogo. Mama akaweka beringi kuukuu juu yake ili nyundo isukume ukingo wa nje tu. Mapigo matatu, ikakaa. Mama akapiga kigelegele. Seremala akajikuta anarukaruka, nyundo mkononi.

"Na hiki kibomba ni cha wapi?" mkewe akauliza, amekiokota juu ya tofali.

Seremala akatazama kibomba, akatazama gurudumu. Kibomba kilipaswa kuwa ndani, katikati ya beringi. Akainua macho kumwomba mama radhi, akamkuta ameketi juu ya ndoo, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka kwa kicheko. Hapo na yeye hakujiweza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nilinunua tatu," mama akasema alipopata pumzi. "Hii ya pili tukiigonga kuitoa haitafaa tena. Najijua mimi! Nimeshawahi kufunga tumbo nikasahau spana ndani."

"Mama!"

"La pikipiki, jamani! Tumbo la pikipiki!"

Wakaangua kicheko upya, wote watatu.

Wakaigonga beringi ya pili ikatoka, na safari hii kibomba kilitangulia, ikafuata ile ya akiba. Gurudumu liliporudi mahali pake, seremala alilisukuma kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, kimya kama feni mpya. Akalitikisa, halikucheza hata chembe.

"Panda nyuma," mama akaamuru, anafunga kofia ngumu.

Wakatoka getini. Kwenye kona ya kwanza pikipiki ililala na kuinuka bila kuyumba, na kwenye mteremko mama akavuta mafuta.

"Mama, polepole!" seremala akalia, amemng'ang'ania kiunoni. Kisha upepo ukamwingia kinywani, akabadilisha ombi: "Ongeza kidogo!"