Dakika Tano za Dobi

Kila Jumatano saa kumi na moja jioni wanachama wa chama cha wasemaji walipanga viti kumi na vinne kwa nusu duara katika chumba cha juu cha maktaba. Walifungua madirisha mawili kati ya matatu, kwa kuwa la tatu lilikuwa limegandishwa na rangi, na kinyozi akaweka mezani kadi zake. Kijani ilikuwa na maana kwamba muda upo. Njano, imebaki dakika moja. Nyekundu, kaa. Kinyozi alikabidhiwa kazi ya kutunza saa kwa sababu hakumwonea mtu haya, hata Mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti.

Utaratibu wa kutoa maoni ulibandikwa ukutani. Mtathmini ataje jambo jema, kisha jambo moja la kurekebisha, kisha jambo jema lingine. Msemaji asijitetee. Akishasikia aseme, "Asante, nimepokea," na arudi kitini. Mwalimu aliuandika kwa wino mzito miaka tisa iliyopita, baada ya wanachama wawili kutoleana maneno kuhusu matamshi na mmoja wao kuondoka na kiti cha chama.

Dobi wa hospitali alijiunga mwezi wa pili. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, viganja vimepauka kwa sabuni, na alieleza shida yake bila kuzunguka. Baada ya wiki sita angesimama mbele ya bodi ya hospitali kwa dakika tano. Bodi ilikuwa imekubali kumsikiliza mtu mmoja kutoka chumba cha kufulia kabla ya kufunga faili la kifo cha mwenzao, na wenzake walimchagua yeye kwa sababu alikuwepo. Tangu azaliwe hakuwa amezungumza mbele ya watu zaidi ya wanne.

Marehemu walimwita Chiriku, kwa wingi wa maneno yake. Siku ile alikuwa akitoa mashuka kwenye mashine ya kukamulia, ngoma yake ya ndani ikiwa bado inazunguka, na shuka moja likamviringika mkononi. Taarifa ya hospitali ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Ilimalizia hivi: chanzo, uzembe wa marehemu mwenyewe. Mama yake Chiriku alipewa nakala, akaiweka chini ya redio. Alilotaka kwa bodi lilikuwa moja, kwamba maneno yale manne yafutwe.

Wiki ya kwanza dobi alizungumza dakika tisa. Alisema mashine ile ilikuwa na komeo, na mfuniko wake haukufunguka mpaka ngoma isimame. Alisema komeo lilichelewesha kila mzigo kwa dakika mbili. Alisema Jumanne ya tarehe kumi na nne msimamizi aliagiza litolewe, fundi akalitoa kwa bisibisi, na aliyemshikia fundi tochi alikuwa yeye mwenyewe. Alisema "eee" mara arobaini na moja, na mbao za sakafu zililia chini yake kama kabati linalosogezwa.

Mtathmini wake alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu wa kuzunguka sokoni kutwa akipima mawe ya wauzaji, mpole na mwenye subira. Alisema sauti ya dada ina ukweli. Alisema tarehe na dakika zimekuwa nyingi, msikilizaji hawezi kubeba zote. Alisema pia kwamba dada alikuja amevaa nadhifu.

"Asante, nimepokea," alisema dobi.

Wiki ya pili alikuja bila tarehe wala dakika. Hotuba ilipofika katikati, visigino vyake viliacha sakafu, kisha vidole. Alipomaliza alitua taratibu. Mwalimu alisema mkao umeboreka sana. Mkaguzi alisifu utulivu wa mikono, kisha akasema kumtaja msimamizi ni kumnyooshea mtu kidole, na wakubwa wakiona kidole hufunga masikio. Akamalizia kwa kusifu macho yake, ambayo sasa yalitazama watu. Dobi akapokea.

Wiki ya tatu msimamizi na fundi hawakuwemo. Komeo lilikuwa limetoka, basi, bila kusemwa limetoka vipi. Dobi alielea sentimita ishirini na mbili. Mkaguzi alipima kwa futi ya chuma, kwa vile alikuwa nayo mfukoni. Muuza viatu aliuliza kama jambo hilo linaruhusiwa, naye Mwalimu akausoma mwongozo wa chama wote, wakimsubiri. Mwongozo ulisema msemaji asiegemee meza, asizibe ubao, na uzito wake augawe sawasawa kwenye miguu yote miwili.

"Umegawanywa sawasawa," alisema Mwalimu, na wakaendelea.

Ilikuwa kawaida ya mkaguzi, kikao kikiisha, kushuka ngazi pamoja na dobi na kumsindikiza mpaka kwenye taa za barabarani, wakirudia maneno ya ufunguzi. Aliichukua hotuba yake iliyoandikwa nyuma ya fomu za mashuka, akainakili upya kwa mwandiko mzuri, kila aya na nafasi yake. Hakutaka kitu kwa kazi hiyo. Alikuwa ameona watu wengi wenye haki wakishindwa kwa sababu hawakujua kuzungumza, na hakupenda imkute na huyu.

Kwa hiyo wiki ya nne alipolifikia jambo la tochi, alilisema kwa upole kuliko yote.

"Hilo la tochi linakuumiza mwenyewe, dada. Wakishajua ulikuwepo, watamsahau Chiriku, watabaki na wewe."

Dobi hakurudi kitini.

"Lakini niliishika," alisema.

"Usijitetee, dada yangu," alisema Mwalimu, akionyesha ukuta.

"Asante. Nimepokea."

Wiki ya tano hotuba ilikuwa ya dakika tano kamili. Ilianza na maji, namna yanavyofika machafu na kuondoka machafu zaidi, na kati ya hapo kuna mikono ya watu. Ilimtaja mwenzetu aliyetutoka. Ilimalizia na matumaini. Dobi alipanda akapita kizingiti cha juu cha mlango, akafika usawa wa taa. Kwa kuwa yuko huko, kinyozi alimwomba aikaze balbu iliyokuwa ikipepesa tangu mwaka uanze. Aliikaza bila kupoteza mtiririko, na watu wakapiga makofi. Hesabu ya "eee" ilikuwa sifuri. Mkaguzi alisema mambo mema mawili na, kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya utathmini, akakosa la kurekebisha.

Jumapili mchana dobi alikwenda kwa mama yake Chiriku kumsomea. Mama alizima redio, akakaa kwenye kiti cha chini, akamsikiliza huku akiinua shingo kidogo kidogo. Chumba kilikuwa kifupi. Katikati ya aya ya pili dobi tayari alikuwa ameinamisha kichwa chini ya bati. Alipomaliza mama alisugua shingo.

"Umesema vizuri, mwanangu. Mimi nisingeweza."

"Asante, mama."

"Ila huyo mwenzenu aliyewatoka, simjui. Ni nani?"

Dobi alisema ni Chiriku.

"Haya. Shuka basi unywe chai, itapoa."

Walikunywa chai. Mama aliuliza kama bodi ina wanawake, na kama watampa maji ya kunywa, na hawakulirudia jambo la hotuba. Dobi alipoaga, mama alimshika mkono akaupima uzito wake kiganjani, kama mtu anayechagua papai, akauachia.

Bodi ilikutana Alhamisi saa nne asubuhi, katika chumba chenye meza ndefu na watu watano. Wanawake walikuwa wawili. Msimamizi wa chumba cha kufulia alikaa ukutani, faili mapajani, suruali imepigwa pasi. Mkaguzi wa mizani na kinyozi walikuwa wameomba ruhusa makazini, wakasimama mlangoni, ingawa kadi hazikuhitajika. Katibu wa bodi alikuwa na saa yake na kengele ndogo.

Dobi alianza na maji. Katika dakika ya kwanza alipanda usawa wa meza. Mwenyekiti wa bodi alimwashiria katibu azime feni, kwa usalama, na katibu akaizima. Katika dakika ya tatu mgongo wake uligusa dari, na wajumbe walikuwa wameegemea viti vyao nyuma, nyuso juu, wakitabasamu kama watu wanaosikiliza redio ya jirani ikipiga wimbo wanaoupenda. Mmoja alifuta jicho. Mkaguzi, pale mlangoni, aliona kwamba kila pumziko limewekwa mahali pake.

Kutoka juu dobi aliona vipara viwili, kilemba kimoja na bilauri tano. Aliona faili limefunguliwa mbele ya mwenyekiti, na ukurasa wa pili, ule wa nusu. Herufi zilikuwa ndogo lakini alikuwa juu yake moja kwa moja, na aliweza kuyasoma maneno manne ya mwisho vizuri kuliko alivyowahi kuyasoma kwenye nakala ya mama. Ilikuwa imebaki aya ya matumaini. Alivuta pumzi ya kuianza, akakaa nayo kifuani. Pumziko hilo halikuwa kwenye karatasi, na mkaguzi alianza kuhesabu sekunde kwa vidole. Kengele ililia.

Ndipo dobi aliposema, kwa sauti yake ya wiki ya kwanza:

"Komeo lilitolewa kwa amri ya huyu msimamizi, Jumanne, tarehe kumi na nne, na, eee, tochi niliishika mimi. Chiriku hakuwepo. Alikuja kesho yake akaikuta mashine haina komeo, na sisi tuliokuwepo hatukumwambia."

Alianguka mara moja, kama mzigo wa mashuka mabichi unavyoangushwa mezani, akafikia miguu. Bilauri ziligongana. Mwenyekiti aliuliza kama ameumia. Alisema hajaumia. Msimamizi alifungua faili lake, akalifunga.

Wajumbe waliinamiana kwa muda mfupi. Kisha mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu wa heshima, alieleza kwamba kwa mujibu wa kanuni bodi husikiliza dakika tano, na yaliyosemwa baada ya kengele hayawezi kuingia katika muhtasari, hata yawe na uzito gani. Yaliyosemwa kabla ya kengele yameingia yote, na yamewagusa sana. Aliomba nakala ya hotuba. Alisema hospitali haikujua kwamba ina msemaji wa namna hii huko chini, na kwamba wageni wakija angependa awe anawakaribisha. Taarifa ilibaki kama ilivyoandikwa. Faili lilifungwa saa nne na dakika ishirini.

Mkaguzi alimsubiri kwenye ukumbi wa kutokea. Walitembea mpaka getini, na hapo mkaguzi akasimama.

"Jambo jema," alianza, kisha akatazama viatu vyake. "Nilikukosesha, dada. Ningekuachia ile ya dakika tisa, ukaanza na mwisho."

"Niliipokea mwenyewe," alisema dobi.

Jioni alikwenda kwa mama yake Chiriku. Mama alikuwa ameshasikia. Majirani walimwambia bodi imepiga makofi. Alitaka kujua tu kama jina lilitajwa. Dobi alisema lilitajwa, lakini limechelewa. Mama alimwomba alitaje pale, na yale mengine yote, kama alivyoyasema kule. Dobi aliyasema akiwa amesimama kati ya kitanda na redio. Sakafu ya pale ilikuwa ya udongo na miguu yake ilizama mpaka kwenye vifundo. Mama alilia, kisha akamshika kiuno akamsaidia kutoa mguu mmoja baada ya mwingine.

Jumatatu iliyofuata chumba cha kufulia kilipata wafanyakazi wapya wawili, wanawake, dada na mdogo wake. Msimamizi aliwaonyesha makabati, saa za kazi na mashine ya kukamulia, akasema ni mashine nzuri, wawe makini tu. Alipoondoka, dobi aliwasogeza karibu na mfuniko, akawaambia waweke mikono nyuma. Aliwaonyesha matundu mawili ya skrubu mahali komeo lilipokuwa. Aliwaambia nani aliagiza, nani alifungua, nani alishika tochi, na jina la aliyekufa. Aliwafundisha kuhesabu mpaka tisini baada ya ngoma kuzimwa, bila kuruka namba. Yule mdogo aliuliza kama hayo yameandikwa mahali.

"Hapana," alisema dobi. "Ndiyo maana nawaambia kila asubuhi."

Aliwaambia kila asubuhi. Sakafu ya chumba cha kufulia ni ya saruji, lakini kufikia wiki ya tatu kulikuwa na nyayo mbili mbele ya mashine, zenye kina cha vidole vinne, kisigino na gumba vinaonekana wazi. Maji yalikuwa yakituama humo. Msimamizi aliziona siku alipokuja na hesabu ya mashuka. Alizizunguka, akachuchumaa, akaingiza kidole kupima. Mchana huohuo aliandika barua kwa ofisi ya matengenezo kwamba kuna mashimo mawili mbele ya mashine ya kukamulia, ni hatari kwa wafanyakazi, mtu anaweza kujikwaa akaumia.

Fundi wa saruji alifika kabla ya saa tisa. Aliyajaza, akayasawazisha kwa mwiko, na akaweka kamba ili mtu asipite mpaka pakauke. Dada na mdogo wake walisimama upande wa pili wa kamba, mikono nyuma, wakihesabu.