Kisu cha Tatu

...na cha kuchekesha kiko wapi hapo, mtu kapimwa bega tu, bega lina mzaha gani, alijiuliza fundi huku spana imemning'inia mkononi na sikio lake lote liko ukutani, ule ukuta wa mbao alioupigilia mwenyewe kutenganisha karakana yake na chumba cha mkewe cha kushonea, akaacha nyufa kati ya ubao na ubao eti hewa ipite, sasa haipiti hewa, vinapita vicheko. Akainama tena. Mashine ya kunyooshea mbao haitaki mtu mwenye mambo mawili kichwani, waya kauchomoa na kuutundika msumarini ili auone kwa macho yake kwamba umechomolewa, na ndani ya tumbo la mashine ile ngoma ya chuma inasubiri visu vyake vitatu, cha kwanza kimeshakaa, cha pili kimeshakaa, cha tatu ndicho hicho kimelegea kwenye mfereji wake kama jino la mtoto, na Mnoaji badala ya kuviacha visu na kwenda zake yuko huko ndani anapimwa suti. "Inua mkono, shemeji," mkewe alisema, "hivyo hivyo, usiushushe." Shemeji. Miaka thelathini neno hilo, limevaliwa kama koti la mvua, mtu akiingia nalo nyumba hii hamna wa kumuuliza katoka wapi wala anataka nini, shemeji hajambo, shemeji karibu, shemeji inua mkono, na tepu ya kupimia inampita kifuani, na mwenye tepu lazima amkaribie, hakuna namna ya kumpima mtu kifua ukiwa mlangoni... aliibana bolti ya kwanza kwa hasira, akakumbuka, akailegeza, bolti hazibanwi kabla ya kupima.

Aliuchukua ule mti mdogo ulionyooka, akaulaza juu ya meza ya nyuma ya mashine, akatia alama ya penseli pale ukingoni. Shahidi, ndivyo Mzee alivyouita, Mzee baba yake mkewe, aliyewafundisha kazi wote wawili, yeye na Mnoaji, katika banda moja, kwenye mashine moja kuukuu. Msiniambie kisu kimekaa sawa, alikuwa akisema, muulizeni shahidi. Unaizungusha ngoma kwa mkono polepole, kisu kinaupapasa mti kwa chini, kinauvuta mbele kidogo, unatia alama ya pili, na visu vyote vitatu lazima viuvute umbali ule ule, upana wa ukucha wa kidole kidogo, la sivyo kimoja kitakata na viwili vitakula upepo. Ni kazi ya watu wawili. Siku zile Mnoaji ndiye aliyezungusha, kwa sababu alikuwa na mkono mtulivu, Mzee alilisema hilo mbele ya kila mtu, mbele ya binti yake aliyekuwa akiwaletea uji, huyu ana mkono mtulivu, na yule mwingine, yaani yeye, akapewa penseli. Basi binti alimchagua mwenye penseli. Hilo lilikwisha, lina watoto na mjukuu juu yake, sasa kwa nini linamrudia asubuhi hii? Kwa sababu ya uzi. Ndiyo, uzi. Visu alivituma kwa Mnoaji kwa mkono wa jirani, hakutaka kwenda mwenyewe, na leo vimerudi vimefungwa kwenye gazeti lenye mafuta, gazeti limezungushiwa uzi wa buluu, ile buluu ya sare za shule ambayo mkewe aliinunua Jumatatu, kibunda kipya, alikitoa dukani mwenyewe na kukileta mwenyewe, haukuuzwa, haukugawiwa, na unafungia visu nyumbani kwa mwanamume asiyeoa mpaka leo. Umefikaje huko? Alisema anapeleka nguo za wateja. Jumanne kapeleka nguo, Jumatano kapeleka nguo, nguo gani hizo, mji mzima umeishiwa nguo... uzi ule aliutia mfukoni mwa aproni, na kila baada ya muda kidole chake kinakwenda kuuangalia kama bado upo.

Aende aingie? Aingie aseme nini? Mara ya mwisho aliingia akisingizia kutafuta uzi, mkewe akamwangalia juu mpaka chini akasema, "Fundi siku hizi anashona mbao?" na wateja wote wakamcheka, hata yule mama aliyejaa pini mdomoni. Afadhali kujikaza kisabuni hapa hapa. Na mikono hii ya mafuta, na mti umeshalala mahali pake, ukiusogeza unaanza upya. Aliizungusha ngoma. Kisu kilishika mti kwa sauti ndogo, tsk, kikauvuta. Akatia alama. Sawasawa na vile viwili. Upande wa pili, tsk, sawasawa. Hakuna hata unywele wa kulalamikia, na hilo nalo lilimuudhi, alikuwa ametamani apate kosa, kisu kimoja kimeliwa kuliko vingine, aje nacho mlangoni mbele ya mkewe, tazama kazi ya mkono mtulivu. Aligusa makali kwa ukucha, ukucha ukatoa unga mweupe. Hajawahi kuona makali kama haya, hata kwa Mnoaji mwenyewe, hata siku zile. Na maneno aliyoyasema Mnoaji wakati wa kuvikabidhi, "Hivi nimevinoa vikae, mwenzangu, vikiisha makali utafute mtu mwingine," hivyo tu, bila haya, kana kwamba mimi ndiye niliyempigia magoti aninolee, mtu akishajiona kafika huongea hivyo, aende basi, aondoke mbele ya macho yangu, aende huko aendako asirudi tena.

"Kiuno," mkewe alisema ng'ambo ya ukuta, na fundi akalisogeza sikio kwenye ufa, maana kiuno cha Mnoaji alikijua. Alikijua kwa kuiba. Mwaka jana, siku chache baada ya harusi ya binti yao, mkewe alipotoka alilifungua daftari lake la vipimo, akatafuta ukurasa wa ile suti aliyomshonea Mnoaji ya kuja nayo harusini, akausoma kama barua ya mapenzi, bega kumi na nane, kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane, na yeye mwenyewe kiuno chake ni thelathini na tatu, akafurahi kijinga, akatembea siku mbili amebana tumbo, thelathini na nane, kitambi hicho, apendwe kwa lipi. "Ishirini na nane," mkewe alisema. "Ngoja nipime tena, tepu imejikunja." Haikujikunja, fundi alijua, mkewe hajawahi kupima mara mbili, hata yeye mume wake hupimwa mara moja na kuambiwa atoke kwenye mwanga. "Ishirini na nane," alisema tena, chini zaidi. "Iandike, shemeji, haiumi," Mnoaji alisema, na akacheka, na kumbe kicheko chenyewe ni hicho, kifupi, kinaishia kwenye kikohozi, ndicho alichokuwa akikisikia asubuhi yote na kukijazia mambo. "Nitaacha upindo mpana kwa ndani," mkewe alisema, "ukinenepa nakufungulia." "Usiache upindo, mama. Kata tu, ikae vizuri." Cherehani haikulia.

Thelathini na nane kutoa ishirini na nane, fundi alitoa, akarudia kutoa, yeye ambaye maisha yake yote ni kutoa, unene wa ubao kutoa kile kilicholiwa na mashine, na jibu lilikuwa lile lile, inchi kumi, katika mwaka mmoja, inchi kumi za mtu zimekwenda wapi... na lile koti, yeye anatoka jasho kwa joto hili na fulana tupu, mwenzake kaingia na koti zito limefungwa vifungo vyote, akasema moyoni anajionyesha. Na alivyokalia rundo la mbao bila kukaribishwa, akasema moyoni hana adabu. Na visu, vitatu tu, mzigo wa mkono mmoja wa mtoto, kavishika kwa mikono miwili. Vyote kaviona, usoni ndiko hakumwangalia, ana miaka hamwangalii usoni, humwangalia mikono, humwangalia viatu, humwangalia pale macho yake yanapoelekea kama mkewe yupo. Utafute mtu mwingine. Haikuwa jeuri, ilikuwa kuaga. Jumanne nguo, Jumatano nguo, uzi wa buluu umeshikana na kikapu ukaenda nao, mkewe alikwenda kumpikia uji, au kumfulia, au kumshika tu mkono, na hakusema, na angesemaje, katika nyumba ambayo jina la mtu huyo likitajwa mwenye nyumba anakunja uso na kwenda kupanga misumari? Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Na wivu haukuondoka, hilo ndilo lililomshangaza, ulibaki pale pale, ila uligeuza uso: waligawana jambo kubwa kama hili wawili, na yeye, aliyelala banda moja na yule mtu miaka mitano, aliyeshika penseli mkono wa mwenzake ukizungusha, hakugawiwa, na hakugawiwa kwa sababu hakuwa na pa kulipokelea. Asirudi tena. Alilisema hilo. Dakika tano hazijapita.

"Baba watoto," mkewe aliita, ile sauti yake ya mbele ya wageni, "shemeji anataka kuaga, ana safari ya kupanda mlima mpaka kwake." Fundi alikiangalia kisu cha tatu. Mti umelala juu ya meza, alama mbili za penseli, umbali ule ule, shahidi amemaliza kusema, imebaki kubana bolti nne tu na kurudisha waya ukutani. Alichukua spana, akaigeuza kushoto, akailegeza bolti ya kwanza zaidi, na ya pili, akakisukuma kisu kwa kidole gumba mpaka kikazama upande mmoja, kibaya, kama kilivyokaa kabla hajaanza, kisha akaufuta mti kwa pindo la aproni alama zikapotea.

"Mwambie asiende kwanza," alisema, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya mtu mwenye makohozi. "Mwambie hiki kisu cha tatu kinanikatalia. Aje anizungushie, mimi nishike penseli."