Bendera ya Chengo

Miezi minane ya kifua kikuu ilimrudisha Sheikhan kazini akiwa mwembamba, mshipi umekazwa hadi tundu la mwisho, lakini alirudi. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Katika yadi ya reli ya Changamwe alikuwa dereva wa shanta, injini ile inayosukuma na kuvuta mabehewa yapangwe tayari kwa safari ya bara, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili bila kumchubua mtu hata ukucha. Daktari wa kazini alimsikiliza mapafu, akampima uzito, akamkohoza mara tatu, akatia saini. Macho hakuyagusa. Ya nini kuyagusa? Mtu aliugua kifua.

Kumbe penye macho ndipo palipokuwa na neno. Sheikhan alilijua wiki tatu kabla ya kurudi, siku ambayo mkewe, Mwanamkasi, alimtuma sokoni akanunue nyanya za mchuzi. Mwanamkasi alizimwaga kwenye ungo, akamtazama.

"Baba Zubeda, nyanya hizi zote mbiti. Wataka nipike nini?"

Sheikhan akacheka, akasema muuzaji kampunja. Kisha akaketi uani peke yake, nyanya mbivu ya jikoni mkono huu, mbichi mkono huu, na kila alivyozigeuza aliziona rangi moja, rangi ya vumbi. Kesho yake alikwenda zahanati kwa siri. Wakamwambia kidonge kimoja katika vile alivyomeza huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Wakamwachisha kidonge hicho, wakasema macho huenda yakarudi na huenda yasirudi. Angoje.

Hakungoja, wala hakumwambia mtu. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya reli, na asiye na kazi ya reli huipisha. Lakini tuseme kweli, si nyumba tu. Kwa miezi minane watu waliomwamkia wakiwa mbali walikuwa wamemtengea kikombe chake cha kahawa, na hata ndugu yake wa tumbo moja alipokuja kumtazama alisimama mlangoni. Sheikhan alitaka kuwa dereva tena, apande ngazi ile ya chuma watu wakimwona. Alilitaka hilo kama mwenye njaa anavyotaka chakula.

Sasa, shanta ina sheria yake. Dereva akiona ishara huitamka kwa sauti, na msaidizi wake, akiiona naye, huirudia. Vinywa viwili vikikubaliana ndipo injini husogea. Msaidizi wa Sheikhan alikuwa Nicanor, kijana wa Kijaluo aliyefundishwa kazi na Sheikhan mwenyewe. Siku ya kwanza bendera iliinuliwa, na Sheikhan akakawia. Nicanor akasubiri, akasubiri tena, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kijani, Mzee." Sheikhan akarudia, "Kijani." Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Kufikia Ijumaa, msaidizi ndiye aliyetangulia kutamka na dereva ndiye aliyefuata, na hakuna kati yao aliyeligusa jambo hilo kwa neno. Nicanor alinyamaza kwa heshima, Sheikhan akanyamaza kwa haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, wasema wahenga, ila hawakusema kifo cha nani. Wiki sita walikwenda hivyo.

Aliyekuwa chini wakati wote huo ni Chengo, Mgiriama mfupi mwenye mabega mapana, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia kati ya behewa na behewa na kuunganisha mipira ya kupitisha upepo wa breki. Kabla ya kuingia huchomeka bendera nyekundu ubavuni mwa behewa. Akitoka huiondoa, akapunga ya kijani. Maadamu nyekundu ipo, mtu yumo ndani.

Siku hiyo, yapata saa nne asubuhi, mabehewa yalisimama penye kona. Upande wa Nicanor bendera ya Chengo haikuonekana. Ilionekana upande wa Sheikhan tu. Nicanor alichungulia, akaona kijani ikipungwa na mtu wa njia ya pili, akadhani ni yao.

"Kijani, Mzee."

Sheikhan alikuwa akiitazama bendera ya Chengo wazi kabisa. Aliona kitambaa cha rangi ya vumbi kikining'inia. Moyo ukamwambia kwamba bendera ya kijani hupungwa, hii imetulia. Lakini alikuwa amezoea kuongozwa.

"Kijani," akasema, akasukuma.

Ukelele ulitoka chini. Sheikhan alivuta breki kwa mikono miwili, mabehewa yakagongana mstari mzima, yakatulia. Chengo alitoka akitambaa, mkono wa shati umeraruka hadi begani, kiwiko kinavuja damu. Alikuwa mzima. Akasimama, akatembea hadi kwenye injini.

"Niwie radhi, Bwana Sheikhan," alisema. "Bendera labda niliichomeka vibaya, upepo ukaikunja. Tafadhali usinishtaki kwa mkubwa."

Nicanor aliinama. Sheikhan aliyasikia maneno yale yakimwingia mwilini. Mlango ulikuwa wazi: angesema tu haya, jihadhari siku nyingine, na Chengo angemshukuru. Akazima injini, akashuka ngazi taratibu, akasimama mbele yake.

"Kailete bendera yako, Chengo. Zote mbili. Niinulie moja."

Chengo hakuelewa, lakini alizileta, akainua moja. Sheikhan aliikazia macho hadi yakatoka machozi.

"Siijui ni ipi," akasema. "Wallahi, Chengo, siijui. Tangu niliporudi. Hukukosa wewe."

Chengo aliishusha ile bendera. Alimtazama Sheikhan, akamtazama Nicanor, kisha akaketi juu ya reli, akakishika kiwiko chake.

"Ulipokuwa hospitali," akasema, "walileta dereva mwengine. N'kaogopa kuingia ndani. Kila Jumapili nilikuombea wewe urudi."

Sheikhan alimwomba msamaha, na Chengo hakusema ndiyo wala la. Sheikhan akasema anakwenda kujishtaki mwenyewe kwa mkubwa. Nicanor alitaka kufuatana naye. Sheikhan akamkataza, akaanza kwenda peke yake kuelekea ofisini. Mbele yake kulikuwa na reli kuu ya kuvuka, na mlingoti wa taa moja ya kuwaashiria wavukao kwa miguu. Hapo akasimama, hajui apite au angoje. Akasikia kokoto zikilia nyuma yake. Chengo alimshika mkono kwa mkono ule usiokuwa na damu, akaitazama taa.

"Nyekundu," akasema. "Ngoja."

Wakangoja.